Goti linalowaangusha mabinti wa kikapu vyuoni, na kazi inayoanzia nyumbani

Machi 24, 2025, ukumbi wa Galen Center mjini Los Angeles ulikuwa umefurika. Chuo Kikuu cha Southern California, USC, kilikuwa kinacheza na Mississippi State katika raundi ya pili ya mashindano ya taifa ya mpira wa kikapu ya wanawake wa vyuo vya Marekani. Robo ya kwanza ilikuwa haijaisha. JuJu Watkins akachomoka na mpira kuelekea kikapuni, mabeki wawili wakamfuata, akakanyaga, na goti lake la kulia likaachia. Akaanguka akiwa amelishika, akabebwa kutolewa uwanjani.

Alikuwa na umri wa miaka 19. Msimu wake wa kwanza chuoni alikuwa amefunga pointi 920, rekodi ambayo hakuna mwanafunzi wa mwaka wa kwanza aliyewahi kuifikia katika ngazi ya juu ya vyuo vya nchi hiyo. Msimu huo wa pili shirika la habari la AP lilimtaja kuwa mchezaji bora wa mwaka. Vipimo vikaonyesha kano ya mbele ya goti, ile ambayo madaktari huiita ACL, imechanika.

USC ilishinda mechi ile kwa pointi 96 kwa 59. Ikaingia 16 bora ikabebwa na wasichana wa mwaka wa kwanza waliolazimika kukua ndani ya siku tano, ikaitoa Kansas State, kisha ikatolewa na Connecticut katika nane bora kwa 78-64. Septemba mwaka huohuo Watkins akatangaza kwamba msimu wote wa 2025-26 hatacheza.

Kurasa za michezo ziliandika yanayowahusu wao: nani atafunga pointi zake, kocha atapanga vipi, timu itafika wapi bila yeye. Huu ni ukurasa wa familia, na swali letu ni jingine. Kwa nini ni goti, kwa nini ni wasichana, na je, mzazi ambaye binti yake wa miaka 13 anarudi nyumbani jioni akiwa na vumbi la uwanja wa shule ana la kufanya kabla mambo hayajafika huko?

Analo. Na si la gharama kubwa.

Timu iliyokosa watu wa kucheza

Ukitaka kuona tatizo hili kwa ukubwa wake, fuatilia historia ya miaka michache ya timu ya wanawake ya Chuo Kikuu cha Connecticut, maarufu kama UConn. Watanzania wengi wanakijua chuo hiki kwa sababu Hasheem Thabeet alikichezea kabla ya kuchaguliwa namba mbili kuingia NBA mwaka 2009. Upande wa wanawake, chini ya kocha Geno Auriemma, ndiyo timu yenye mataji mengi kuliko zote.

Paige Bueckers alijiunga nayo mwaka 2020 na akawa mwanafunzi wa kwanza wa mwaka wa kwanza kutajwa na AP kuwa mchezaji bora wa wanawake. Desemba 2021 akavunjika sehemu ya juu ya mfupa wa muundi, pale unapokutana na goti, akakosa mechi 19. Akarudi, akaifikisha timu fainali. Agosti 2022, katika mchezo wa kawaida wa mazoezi ya mapumziko, kano ya ACL ikachanika. Msimu mzima wa 2022-23 ukapita akiwa amekaa na nguo za kawaida pembeni ya benchi.

Hakuwa peke yake. Ice Brady, aliyekuwa ndiyo kwanza amefika chuoni, aliteguka kifuu cha goti kabla msimu haujaanza. Azzi Fudd, ambaye alikuwa ameshachanika ACL mwaka 2019 akiwa bado sekondari, akaumia goti tena na kukosa mechi nyingi. Januari 2023 hali ikafikia mahali ambapo timu hiyo yenye fedha, madaktari na ukumbi wake binafsi wa mazoezi ililazimika kuahirisha mechi dhidi ya DePaul. Kanuni za ligi yao zilidai wawepo angalau wachezaji saba wenye ufadhili walio tayari kucheza. UConn ilikuwa nao sita.

Mwaka huo walitolewa katika 16 bora na Ohio State, na mfululizo wao wa kufika nne bora mara 14 ukakatika.

Msimu uliofuata Bueckers akarudi, lakini Novemba 2023 Fudd akachanika ACL kwa mara ya pili mazoezini. Januari 2024 ikawa zamu ya Aubrey Griffin, naye ACL. Jana El Alfy, binti kutoka Misri, alikuwa tayari amekatika kano ya kisigino akiichezea timu ya taifa lake ya vijana nchini Hispania kabla hata hajaichezea UConn mechi moja.

Nimeorodhesha majina haya kwa makusudi. Mzazi anaposikia binti fulani ameumia goti husema ni bahati mbaya, na mara nyingine ni kweli. Lakini bahati mbaya inayorudi namna hii, katika viungo vilevile, kwa wasichana wa umri uleule, inabidi tuitafutie sababu.

Kano ya sentimita tatu

ACL ni mkanda mfupi, kama sentimita tatu hivi, uliojificha katikati ya goti. Unashika mfupa wa paja na mfupa wa muundi visipishane, hasa mtu anaposimama ghafla, anapogeuka au anapotua baada ya kuruka. Mtu anaweza kutembea, kupika na hata kukimbia moja kwa moja bila kuutegemea sana. Kikapu hakichezwi moja kwa moja. Ni mchezo wa kusimama, kugeuka na kutua, mara mamia kwa mechi moja.

Watu wengi hudhani kano hii huchanika kwa kugongwa. Tafiti nyingi zinaonyesha kwamba takriban mara 7 kati ya 10 hakuna aliyemgonga mchezaji kwenye goti. Ametua tu, au amebadili mwelekeo, na goti limeingia ndani kuelekea goti jingine wakati mguu umebaki chini umeganda. Yote hutokea chini ya sehemu ya kumi ya sekunde. Hakuna mwenye akili ya kujirekebisha katika muda huo. Mwili unafanya kile ulichozoea kufanya.

Hapo ndipo wasichana wanapoachana na wavulana. Katika michezo ya kuruka na kugeuka, hatari ya msichana kuchanika ACL ni kati ya mara mbili na nane ya mvulana anayecheza mchezo huohuo. Kabla ya kubalehe tofauti hiyo karibu haipo. Inaanza pale mtoto anaporefuka kwa kasi. Mvulana anaporefuka, homoni zake humwongezea misuli na nguvu kwa wakati mmoja. Msichana hurefuka, nyonga hupanuka, uzito huongezeka, lakini nguvu ya misuli ya paja la nyuma na makalio haiongezeki kwa kasi hiyohiyo. Anakuwa na mwili mpya anaouendesha kwa nguvu za mwili wa zamani.

Matokeo yake unaweza kuyaona kwa macho. Wasichana wengi wa umri huo hutua miguu ikiwa imenyooka, magoti yakiingia ndani, uzito umeegemea mguu mmoja.

Kuna wanaolaumu homoni za mzunguko wa hedhi kulegeza kano. Hilo limechunguzwa sana na majibu bado hayakubaliani, kwa hiyo sioni sababu ya mzazi kumzuia binti kucheza kwa siku fulani za mwezi. Kuna jambo jingine ambalo kwa maoni yangu halisemwi vya kutosha: wavulana huanza kufundishwa mazoezi ya nguvu mapema, wasichana wanaambiwa wakimbie tu. Kocha akimpa binti mazoezi ya kubeba uzito, shangazi anasema atakuwa na mwili wa kiume. Hatakuwa. Atakuwa na misuli inayolinda goti.

Miezi tisa

Kano ya ACL ikichanika kabisa mara nyingi haijiungi yenyewe. Kwa mchezaji anayetaka kurudi uwanjani, daktari bingwa wa mifupa huchukua kipande cha kano kutoka sehemu nyingine ya mwili, mara nyingi chini ya kifuu cha goti au nyuma ya paja, akakipandikiza mahali pa ile iliyochanika. Upasuaji wenyewe hauchukui muda mrefu, na siku hizi hufanyika kwa matundu madogo na kamera. Hapa nyumbani Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, ni miongoni mwa wanaoufanya.

Kazi ni baada ya hapo. Kipande kilichopandikizwa huchukua miezi mingi kugeuka kuwa kano inayoishi. Katika miezi ya kwanza maumivu yanapungua, uvimbe unaisha, binti anatembea vizuri, na familia nzima inaamini amepona. Hapo ndipo penye hatari, kwa sababu goti linaonekana zima kabla halijawa zima.

Utafiti mmoja uliofanywa kwa ushirikiano wa wataalamu wa Norway na Marekani na kuchapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba, hadi kufikia mwezi wa tisa, kila mwezi mmoja mchezaji anaochelewa kurudi uwanjani unapunguza kwa karibu nusu uwezekano wa goti kuumia tena. Uchambuzi mwingine wa mwaka huohuo ulikuta kwamba kati ya wanamichezo vijana wanaorudi kucheza baada ya upasuaji huu, karibu mmoja kati ya wanne huchanika tena, ama goti lilelile ama la pili.

Mmoja kati ya wanne. Ukiwa na hesabu hiyo kichwani, habari za Fudd kuumia mara ya pili hazishangazi tena, na uamuzi wa Watkins kukaa nje msimu mzima unaonekana wa busara. Kufikia Desemba 2025 angekuwa ametimiza miezi tisa tangu aumie. Wapo mashabiki waliokuwa wakihesabu miezi kwa vidole wakitarajia kumuona Januari. Yeye na waliomzunguka wakachagua kutocheza kabisa.

Siku hizi wataalamu hawatazami kalenda peke yake. Wanapima nguvu ya paja la mguu ulioumia na kuilinganisha na la mguu mzima, na wengi hutaka ifike angalau asilimia 90. Wanamrusha mchezaji kwa mguu mmoja na kupima anafika wapi. Wanamuuliza pia kama anaogopa, kwa sababu mchezaji anayeogopa goti lake hutua vibaya.

Nani anaamua? Vyuo vikubwa vya Marekani vimeweka kanuni kwamba madaktari na wataalamu wa tiba wa timu ndio wenye neno la mwisho kuhusu mchezaji kurudi, na kocha hana mamlaka ya kuwapinga. Kanuni hiyo haikuja kwa bahati. Kocha ana mechi Jumamosi. Mchezaji ana miaka 20 na anaamini hatazeeka. Mtu mwenye uwezo wa kusema hapana inabidi awe mwingine. Kwenye timu ya shule ya sekondari huku kwetu, ambako hakuna daktari wa timu, mtu huyo ni wewe mzazi.

Bueckers alisubiri karibu miezi 15 kabla ya kucheza mechi ya ushindani. El Alfy alikosa msimu mzima. Fudd alirudi Novemba 2024, mwaka mmoja baada ya kuumia, na mwanzoni alicheza dakika chache chache. Aprili 6, 2025 mjini Tampa, UConn iliifunga South Carolina 82-59 na kutwaa ubingwa wake wa 12, wa kwanza tangu 2016. Fudd alifunga pointi 24 na kutajwa mchezaji bora wa nne bora. Wiki moja baadaye Bueckers alichaguliwa namba moja na Dallas Wings ya WNBA. Subira yao ililipa, ingawa naharakisha kusema kwamba wapo wengi waliosubiri vivyo hivyo na majina yao hatukuyasikia tena.

Pengo la mmoja, nafasi ya mwingine

Mkenya Madina Okot alikuwa katika kikosi cha Mississippi State kilichocheza na USC usiku ule Watkins alipoumia. Ni binti mrefu, sentimita 198, aliyepitia timu ya Chuo Kikuu cha Zetech nchini Kenya na timu ya taifa kabla ya kwenda Marekani. Baada ya msimu huo wa 2024-25 alihamia South Carolina, timu ya kocha Dawn Staley iliyokuwa bingwa mwaka 2024.

South Carolina nayo ilikuwa na majeraha yake. Ashlyn Watkins, ambaye hana undugu na JuJu, alichanika ACL Januari 2025 na baadaye akaamua kukaa nje msimu wa 2025-26. Oktoba 2025, wiki chache kabla ya msimu kuanza, Chloe Kitts naye akachanika ACL mazoezini. Wote wawili ni wachezaji wa karibu na kikapu. Ghafla binti wa Kenya aliyekuja kuongeza nguvu akawa nguzo ya eneo hilo.

Hivi ndivyo nafasi katika vikosi vya vyuo zinavyopatikana mara nyingi, na sioni aibu kulisema. Binti wa mtu anaumia, binti wa mwingine anapata dakika. Lakini mzazi mwenye ndoto ya ufadhili aangalie pia upande wa pili: anayejaza pengo huongezewa dakika haraka, na mwili unaoongezewa mzigo ghafla ndio unaoumia. Makocha wazuri huliona hilo na kupandisha dakika polepole. Kwenye mashindano ya shule ambapo timu inacheza kila siku kwa wiki nzima, na kocha ana wachezaji saba wa kutegemewa, hakuna nafasi ya kupandisha polepole. Kocha humchezesha aliyepo.

Sasa rudi kwenye uwanja wa shule

Mabinti wengi hapa Tanzania hawachezi kikapu, wanacheza netiboli. Kwa goti, netiboli haina nafuu yoyote. Kanuni yake inamlazimisha mchezaji asimame mara tu anapodaka mpira, yaani akiwa angani au mbioni anatakiwa afunge breki papo hapo. Mpira wa mikono na wavu nako ni kuruka na kutua. Kwa hiyo binti yako akiwa kwenye timu ya UMISSETA ya mchezo wowote kati ya hiyo, haya yanamhusu.

Habari njema ni kwamba hili ni moja ya majeraha machache ya michezo ambayo kinga yake imepimwa na ikaonekana inafanya kazi. Programu za kupasha mwili za dakika 15 hadi 20, zikifanywa mara mbili au tatu kwa wiki kwa msimu wote, hupunguza kuchanika ACL kwa karibu nusu, na kwa wasichana wanaoumia bila kugongwa punguzo ni kubwa zaidi. Inayojulikana kuliko zote ni FIFA 11+, iliyotengenezwa kwa ajili ya soka, na video zake zinapatikana mtandaoni bure. Wanaonufaika zaidi ni wanaoanza mapema, wakiwa na miaka 12 hadi 15, kabla mwili haujazoea kutua vibaya.

Ndani yake hakuna muujiza. Kuchuchumaa na kuinuka, magoti yakielekea kwenye vidole vya miguu na si ndani. Kusimama kwa mguu mmoja huku mwenzako anakusukuma kidogo begani. Kujishikilia kwa viwiko na vidole vya miguu mwili ukiwa umenyooka kama ubao. Kupiga magoti mwenzako akikushika vifundo vya miguu, kisha kuinama mbele taratibu bila kukunja kiuno. Hili ni gumu na ndilo linalojenga misuli ya nyuma ya paja. Halafu kuruka na kutua, na hapa maelekezo ninayoyapenda ni mafupi: tua kimya. Mtoto anayejitahidi asisikike anapotua atakunja magoti na nyonga bila kuambiwa.

Simu unayosomea makala hii inaweza kukusaidia. Mwambie binti yako asimame juu ya ngazi au stuli imara yenye urefu wa kama sentimita 30, aruke chini na hapohapo aruke juu kadiri awezavyo. Mrekodi kutoka mbele kwa mwendo wa polepole, mara tatu. Simamisha video pale anapogusa chini. Magoti yakiwa yanakaribia kugusana, usimtishe, na wala huo si ugonjwa. Ni dalili kwamba hayo mazoezi anayahitaji zaidi ya wenzake. Mpelekee kocha video. Makocha wengi wa shule ni walimu waliopewa timu juu ya vipindi vyao, na ukienda kwa heshima utashangaa wanavyopokea.

Akiumia, usimchue

Binti aliyechanika ACL mara nyingi husema alisikia mlio ndani ya goti, kama kitu kimekatika. Goti huvimba ndani ya saa chache za mwanzo. Akijaribu kutembea huhisi kama linataka kumtoka.

Hapo mchezo umekwisha kwa siku hiyo, hata kama dakika kumi baadaye anasema anajisikia vizuri na kocha anamhitaji. Akae, mguu uinuliwe, barafu iliyofungwa kwenye kitambaa iwekwe dakika 15 hadi 20 na kurudiwa baada ya saa mbili tatu, goti lifungwe bandeji bila kukazwa mno.

Najua kinachofuata katika nyumba nyingi: anaitwa mtu wa kuchua, anakuja na mafuta, anavuta na kunyoosha. Goti lililovimba lisichuliwe wala kuvutwa. Kama kuna kano iliyochanika au mfupa ulioachia, mkono ule unaongeza uharibifu, hasa kwenye meniski, zile nyama ngumu zinazofanya kazi ya mito kati ya mifupa.

Jambo la pili ni picha. Eksirei inaonyesha mifupa, kano haionekani. Mzazi anaambiwa mfupa uko salama, anafurahi, na binti anarudi uwanjani baada ya wiki tatu akiwa na goti lisilo na ACL. Ukipewa majibu hayo na goti linaendelea kuvimba au kulegea, omba daktari wa mifupa alipime kwa mikono. Daktari aliyezoea huweza kugundua kwa kulivuta tu kwa namna maalumu, na kipimo cha MRI kikathibitisha. Kama una bima, uliza mapema kama kipimo hicho, upasuaji na fiziotherapia vimo, kwa sababu fiziotherapia ndiyo inayokatishwa njiani fedha zikiisha, wakati bila hiyo upasuaji unakosa maana.

Na usikimbilie kufikiri juu ya mchezo pekee. Karibu nusu ya watu waliochanika ACL huonyesha dalili za kusagika kwa goti ndani ya miaka 10 hadi 20. Kwa binti wa miaka 16, hiyo ni kabla hajafika 40, akiwa na watoto wa kubeba na ngazi za kupanda.

Sahani na kalenda

Kuna majeraha mengine ambayo hayaanzii kwenye goti. Mchezaji anayetumia nguvu nyingi kuliko anazokula huanza kukosa hedhi, mifupa hudhoofika, na nyufa ndogo hujitokeza kwenye muundi au mguu. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ililipa tatizo hili jina maalumu mwaka 2014. Mara nyingi binti hajinyimi chakula kwa kutaka; ametoka nyumbani saa 11 alfajiri na chai ya rangi, mazoezi yameisha saa 12 jioni, na katikati amekula chipsi kavu.

Mama, au yeyote anayeaminiwa na binti huyo, anatakiwa ajue kalenda yake. Hedhi ikipotea kwa miezi mitatu mfululizo kwa msichana anayefanya mazoezi makali, si jambo la kushangilia kwamba amepumzika. Aonwe na daktari. Maharage, dagaa, mayai, maziwa, ndizi na wali wa kutosha vitafanya kazi kuliko unga wowote wa protini unaouzwa kwenye mitandao.

Kabla ya kusaini karatasi ya ufadhili

Kwa familia chache ambazo simu kutoka chuo cha Marekani itakuja kweli, yapo maswali ya kuuliza kabla furaha haijawazidi. Tangu Agosti 2024 vyuo vya daraja la kwanza vya nchi hiyo vinatakiwa kumhakikishia mwanamichezo kwamba ufadhili hautafutwa kwa sababu ameumia, na kugharamia matibabu ya majeraha ya mchezo kwa angalau miaka miwili baada ya kuondoka chuoni. Vyuo vya madaraja ya chini na vile vya miaka miwili vina taratibu zao, na mabinti wengi kutoka Afrika huanzia huko.

Kwa hiyo uliza kwa maandishi, kwa barua pepe, si kwa simu ya kocha. Ufadhili ni wa mwaka mmoja unaohuishwa au wa miaka yote? Akichanika goti mwezi wa pili tangu afike, nani analipa upasuaji, nani analipa fiziotherapia, na akirudi nyumbani likizo akiwa bado kwenye matibabu nani anaendelea kulipa? Timu ina mtaalamu wa tiba anayekuwepo mazoezini kila siku? Wachezaji wangapi wa timu hiyo wamefanyiwa upasuaji wa goti miaka mitatu iliyopita, na wangapi walirudi kucheza?

Kocha anayemtaka binti yako kwa dhati atajibu. Majibu yakija, yachapishe na uyaweke pamoja na pasipoti.